Viini 512 au viini 384: uchambuzi wa zabuni moja ya kompyuta za utabiri

Kisa hiki ni cha taasisi moja ya umma Afrika Mashariki inayotoa utabiri wa hali ya hewa. Jina lake, nchi yake, majina ya wazabuni na bei walizotoa nimeviondoa, na muda wa kazi nimeutaja kwa makadirio. Aina za vichakataji nimeziacha kama zilivyokuwa. Sifa zake ziko wazi kwa yeyote, na bila hizo msomaji hawezi kuifuata hesabu, ilhali hesabu ndiyo kisa chenyewe. Naandika kwa ajili ya wahandisi, maofisa manunuzi na watafiti ambao siku moja watakaa kwenye kamati ya tathmini wakiwa na makabrasha mawili mezani, moja likiwa na viini vingi kuliko jingine. Kiini ni kitengo cha kukokotoa kilicho ndani ya kichakataji.

Taasisi na kazi yake

Kila usiku taasisi huendesha WRF, modeli ya hali ya hewa inayotumika sehemu nyingi duniani na isiyodaiwa leseni. WRF inayohesabu eneo moja tu haijitoshelezi. Huhitaji data za mipaka kutoka kwenye modeli ya dunia nzima, na hapa zilitumika za GFS ya Marekani, mzunguko wa 18 UTC, yaani saa 3 usiku kwa saa zetu. Faili zake huanza kutolewa baada ya saa tatu na nusu hivi, moja baada ya nyingine, na kwa kasi ya intaneti ya pale zilikuwa zimekamilika kwenye diski karibu saa 8 usiku. Mtabiri wa zamu anataka ramani saa 11 alfajiri, kwa kuwa taarifa inasomwa redioni saa 12. Kwa hiyo kompyuta ina saa tatu tu. Utabiri ukikamilika saa 2 asubuhi, hata uwe sahihi namna gani, mvuvi ameshaingia majini na mkulima ameshaanika mazao yake.

Klasta ya zamani, yaani kundi la kompyuta (nodi) zinazofanya kazi moja kwa pamoja, ilikuwa na nodi chache, kila moja ikiwa na vichakataji viwili vya Xeon E5-2650 v3 vya Intel, kizazi cha 2014, viini 10 kwa kila kichakataji. Iliweza gridi ya kilomita 9, yaani nukta za hesabu zilizoachana kwa kilomita 9. Kwa gridi hiyo modeli haioni wingu la mvua ya radi lenyewe, inalikisia kwa fomula. Ikishuka hadi kilomita 3 huanza kuliona. Katika ukanda wenye maziwa makubwa, milima na upepo wa baharini unaogeuka kila jioni, tofauti hiyo si ya mapambo. Dhoruba za ziwani huzaliwa na kufa ndani ya saa chache, kwenye eneo ambalo gridi ya kilomita 9 inaligusa kwa nukta chache tu.

Lakini kilomita 3 zina gharama. Nukta huongezeka mara 3 upande wa mashariki hadi magharibi, mara 3 kaskazini hadi kusini, na hatua ya muda lazima ifupishwe mara 3 ili hesabu isilipuke. Jumla ni kazi mara 27 kwa eneo lilelile. Hata baada ya kukubali kwamba kilomita 3 zingehesabiwa kwa sehemu tu ya eneo, klasta ya zamani isingeweza. Ndipo ikatangazwa zabuni.

Zabuni ya kwanza

Waraka wa zabuni ulitokana na ule uliotumika miaka ya nyuma kununua seva za ofisi. Alama za kiufundi zilitolewa kwa idadi ya viini, teraflopsi (trilioni za hesabu kwa sekunde) za kinadharia, ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kazi) kwa nodi, ukubwa wa diski na miaka ya waranti. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu kazi ambayo mashine zingefanya. Naelewa kwa nini. Mkaguzi wa hesabu anapenda kigezo kinachohesabika, na viini vinahesabika. Mtu akilalamika kwamba kaonewa, unamwonyesha namba.

Baada ya mchujo wa nyaraka wakabaki wazabuni wawili wenye bei zilizokaribiana sana.

Mzabuni wa kwanza, nitamwita A, alitoa nodi 4. Kila nodi ilikuwa na vichakataji viwili vya EPYC 7763 vya AMD, viini 64 kwa kila kimoja, mwendo wa msingi GHz 2.45. Jumla viini 512. Mzabuni B alitoa nodi 6 zenye EPYC 7543 mbili kila moja, viini 32 kwa kila kimoja, GHz 2.8. Jumla viini 384.

Vichakataji hivi viwili ni ndugu wa kizazi kimoja, vilivyozinduliwa Machi 2021. Bei ya kiwanda wakati wa uzinduzi ilikuwa dola 7,890 kwa kile cha viini 64 na dola 3,761 kwa kile cha viini 32. Ndiyo maana B aliweza kuongeza nodi mbili nzima bila kupandisha bei. Fedha ambayo A aliiweka kwenye viini, B aliiweka kwenye seva.

Kwa teraflopsi za kinadharia hesabu ni nyepesi. Kila kiini cha kizazi hiki kinaweza kufanya hesabu 16 za desimali za biti 64 kwa kila pigo la saa yake. A: 512 × 2.45 × 16, teraflopsi 20.1. B: 384 × 2.8 × 16, teraflopsi 17.2. RAM ilikuwa sawa, GB 512 kwa nodi. Kwa vigezo vilivyoandikwa A alishinda kwa viini na akashinda kwa teraflopsi. Kamati ilikuwa imebakiza kusaini.

Mstari mmoja kwenye orodha ya vifaa

Kwenye kamati kulikuwa na mjumbe wa kiufundi, mhandisi anayeiendesha WRF mwenyewe. Aliomba siku mbili za kusoma orodha ya vifaa, akakuta mistari miwili ambayo kwa macho ya haraka inafanana. Kwa A: RAM GB 64, vipande 8 kwa nodi. Kwa B: RAM GB 32, vipande 16 kwa nodi. Zote zinatoa GB 512.

Kichakataji cha familia hii kina chaneli 8 za kumbukumbu, na nodi ya vichakataji viwili ina 16. Chaneli ni njia ambayo data inapita kutoka kwenye RAM kwenda kwenye viini. Kwa RAM ya DDR4-3200 kila chaneli hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, hivyo chaneli 8 hupitisha GB 204.8. Chaneli isiyo na kipande cha RAM haipitishi chochote. A alikuwa ameacha nusu ya chaneli tupu, na kila kichakataji chake chenye viini 64 kingelishwa kwa GB 102.4 tu kwa sekunde.

A alipoulizwa alijibu kwa nia njema kwamba nafasi zilizobaki ni za kuongezea RAM siku za mbele. Kwa seva ya kanzidata ya mishahara hilo ni pendekezo la busara, na wauzaji wengi hupanga hivyo. Kwa WRF ni kukata koo la mashine kabla haijawashwa.

Mhandisi akaichora hesabu ubaoni kwa namna ambayo hata mhasibu aliifuata. Kichakataji cha klasta ya zamani, kile cha 2014, kina GB 68 kwa sekunde kwa viini 10: kila kiini kinapata GB 6.8. Kichakataji cha B kinatoa GB 204.8 kwa viini 32: kila kiini GB 6.4. Kichakataji cha A, hata chaneli zote zikijazwa, kinatoa GB 204.8 kwa viini 64: kila kiini GB 3.2. Kama kilivyoorodheshwa: GB 1.6. Kiini kipya, chenye uwezo mkubwa zaidi wa kukokotoa, kingepewa chini ya robo ya data aliyopewa babu yake.

Akawauliza wajumbe: shughuli ina wapishi 64 na mfereji mmoja wa maji, mkiongeza wapishi wengine pilau itaiva mapema? Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kisha akajumlisha klasta nzima. A kama ilivyoorodheshwa: vichakataji 8 × 102.4, GB 819.2 kwa sekunde. A ikirekebishwa: 1,638.4. B: vichakataji 12 × 204.8, GB 2,457.6. Yule mwenye viini vichache alikuwa na njia pana mara tatu.

Kwa nini WRF inategemea njia hiyo

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana kamati nyingi hukwama kwenye swali hili: si kompyuta ni ya kukokotoa? Kwa nini tupime usafirishaji wa data?

Chukua hesabu rahisi iliyo ndani ya kipimo cha kasi ya kumbukumbu cha STREAM cha John McCalpin, ile iitwayo Triad: chukua namba kutoka safu ya kwanza, ongeza namba ya safu ya pili iliyozidishwa kwa namba maalumu, andika jibu kwenye safu ya tatu. Hesabu ni mbili tu, kuzidisha na kujumlisha. Data iliyosafiri ni namba tatu za baiti 8, jumla baiti 24. Ukiwa na GB 204.8 kwa sekunde, unaweza kufanya hesabu bilioni 17 hivi kwa sekunde. Kichakataji cha viini 64 kinadharia kinaweza bilioni 2,509 hivi. Kinachotumika ni chini ya asilimia 1, na viini vingine vyote vimekaa vinasubiri.

WRF si Triad tupu. Baadhi ya sehemu zake, hasa za fizikia ya mionzi na mawingu, hukokotoa sana kwa kila namba iliyosomwa. Lakini sehemu ya mienendo ya hewa hupita juu ya safu kubwa tena na tena, ikichukua namba za jirani, ikizichanganya kidogo na kuziandika. Safu hizo ni kubwa kuliko kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kichakataji, kwa hiyo kila mzunguko unarudi kwenye RAM.

Jambo hili halikugunduliwa Afrika Mashariki wala si la juzi. Wulf na McKee waliliandika mwaka 1995 wakiliita ukuta wa kumbukumbu: kasi ya vichakataji inakua haraka kuliko kasi ya kumbukumbu, na siku moja programu itagonga. Viini vilipoanza kuongezeka ndani ya kichakataji kimoja baada ya katikati ya miaka ya 2000, kwa sababu kupandisha gigahatsi kulikuwa kumefika kikomo cha joto, ukuta ukasogea karibu zaidi. Hata kompyuta kubwa kabisa zinauonyesha. Fugaku ya Japani ilipimwa kwa LINPACK, jaribio linalopendelea ukokotoaji, ikatoa petaflopsi 442 (petaflopsi moja ni teraflopsi elfu moja). Kwa HPCG, jaribio linalofanana zaidi na modeli za sayansi, ilitoa 16. Frontier ya Marekani mwaka 2022 ilivuka eksaflopsi moja (petaflopsi elfu moja) kwa LINPACK, na kwa HPCG ikapata petaflopsi 14 hivi, chini ya Fugaku, ambayo kwa LINPACK Frontier ilikuwa imeiacha mbali. Fugaku ilibuniwa kwa kumbukumbu ya HBM2 iliyobandikwa kando ya kichakataji, na kila kichakataji chake cha viini 48 kina njia ya GB 1,024 kwa sekunde. Wajapani walilipia njia.

Majaribio

Hoja ya ubaoni haitoshi kubadilisha uamuzi wa fedha za umma, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Taasisi ikaomba nafasi ya kuingia kwa mbali kwenye mashine ya maonyesho yenye EPYC 7763 mbili na chaneli zote zikiwa zimejazwa. Majaribio yalikuwa mawili.

La kwanza, STREAM, kwa viini vichache kisha vingi. Viini 16 kwa kila kichakataji, vikitawanywa ili kila kundi la viini nane linalochangia kashe litoe viwili, vilitosha kuifikisha njia ya kumbukumbu karibu na mwisho wake. Kuongeza viini baada ya hapo hakukuongeza chochote cha maana.

La pili, ambalo ndilo lenye uzito, ni kazi ya taasisi yenyewe: faili za usiku mmoja wa dhoruba, gridi ileile, mipangilio ileile. Kutoka viini 16 hadi 32 kwa kila kichakataji muda ulipungua vizuri, ingawa haukufika nusu. Kutoka 32 hadi 64, viini mara mbili, muda ulipungua kwa chini ya moja ya tano. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya viini ambayo A alikuwa akiiuza kwa zaidi ya dola 4,000 kwa kila kichakataji, kwa bei za uzinduzi.

Napenda jaribio hili kwa sababu mtu yeyote anaweza kulifanya. Halihitaji maabara, linahitaji kazi yako mwenyewe, mashine moja ya kuazima au ya kukodi kwa saa chache kwenye wingu, na uvumilivu wa kuiendesha kazi hiyohiyo kwa idadi tofauti za viini huku ukiandika muda.

Uamuzi na sababu zake

Kamati ilikuwa na njia tatu. Kumpa A kwa mujibu wa alama. Kumpa B kinyume cha vigezo vilivyotangazwa. Au kufuta na kutangaza upya.

Njia ya pili ilikuwa haramu, na ilistahili kuwa haramu. Vigezo havibadilishwi baada ya bahasha kufunguliwa, hata kama vilivyoandikwa ni vibaya. Mjumbe mmoja alipendekeza A aombwe tu kujaza chaneli zilizobaki, lakini hilo lingebadilisha bei na kumpa mzabuni mmoja nafasi ya pili. Njia ya kwanza ilikuwa halali na salama kwa wajumbe, na ingeiacha taasisi na klasta isiyomaliza kazi kwa wakati. Ofisa manunuzi ndiye aliyesema wazi kwamba hatatia saini ununuzi ambao mtumiaji ameshathibitisha hautamfaa. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu kufuta zabuni kunazua maswali, na maswali huanzia mezani kwake.

Zabuni ikafutwa. Klasta iliyotarajiwa kufanya kazi kabla ya masika ikakosekana masika yote.

Waraka mpya uliandikwa na mhandisi na ofisa manunuzi wakiwa wamekaa pamoja, na tofauti yake kubwa ilikuwa sentensi moja: klasta imalize kazi iliyoambatishwa ndani ya dakika zilizotajwa, na mzabuni awasilishe rekodi za jaribio. Idadi ya viini iliondolewa kabisa kwenye alama. Yakaongezwa masharti mengine: chaneli zote za kumbukumbu zijazwe kwa vipande vya ukubwa sawa, umeme wa klasta nzima usizidi kiwango ambacho UPS na jenereta zinaweza kubeba, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya klasta kufaulu kazi ileile ikiwa imefungwa kwenye chumba cha taasisi, usiku, kwa siku tatu mfululizo.

Aliyeshinda alileta muundo unaofanana na wa B: nodi 6, viini 384. A alishiriki tena, safari hii naye akaleta viini 32 kwa kichakataji. Sioni ushahidi bora kuliko huo kwamba tatizo la kwanza halikuwa muuzaji. Aliuliziwa viini, akauza viini.

Mashine zilipofika

Klasta iliwashwa, STREAM ikatoa namba nzuri kwenye nodi tano. Kazi ya majaribio ikachelewa.

Nodi ya nne ilikuwa inaburuza wenzake. Katika WRF kila nodi hubeba kipande chake cha ramani, na kila hatua ya muda hupeana kingo na majirani, hivyo nodi zote huenda kwa mwendo wa iliyo nyuma kuliko zote. Amri ya dmidecode iliorodhesha nafasi 16 za RAM, na kwenye moja ikaandika kwamba hakuna kipande. Kipande kilikuwepo, kililegea njiani. Fundi alikichomoa, akakirudisha hadi vibano vikalia, nodi ikafufuka. GB 480 badala ya 512, hakuna mtumiaji ambaye angeigundua kwa matumizi ya kawaida. Aliyeigundua ni kipimo.

Bado kazi ilikuwa nyuma ya muda wa mkataba. Mambo mawili yakarekebishwa. Kwanza, michakato ya programu ilikuwa inahamahama kutoka kiini hadi kiini. Linux huweka data kwenye RAM iliyo karibu na kiini kilichoigusa kwanza, kwa hiyo mchakato ukihama unaacha data yake upande wa pili na kuifuata kwa njia ndefu. Kila mchakato ukafungwa kwenye kiini chake kwa chaguo la bind-to la MPI, mfumo unaoziwezesha sehemu za programu kuwasiliana. Pili, BIOS, programu ya msingi inayoiandaa mashine inapowashwa, ilikuwa inaziona chaneli 8 za kila kichakataji kama bwawa moja. Ikabadilishwa ili kichakataji kigawanywe sehemu nne, kila sehemu na chaneli zake mbili. Marekebisho hayo mawili yalichukua mchana mmoja na hayakugharimu shilingi.

Usiku wa majaribio kazi ilimalizika kwa saa mbili na nusu hivi. Saa 10 na nusu alfajiri ramani zilikuwa tayari, usiku wote watatu, na vuli ilipoingia gridi ya kilomita 3 ikawa kazi ya kila siku.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni mtumiaji kuwa ndani ya kamati. Mara nyingi mtaalamu anayeendesha modeli huitwa kuandika mahitaji mwanzoni kisha haonekani tena hadi mashine zishuke kwenye lori. Orodha ya vifaa ilisomwa na watu kadhaa kabla yake, na wote waliona GB 512. Kuona kwamba 8 × 64 na 16 × 32 si kitu kimoja kunahitaji mtu aliyewahi kungoja kazi yake saa 10 usiku.

Sharti la malipo baada ya jaribio lilikuwa la pili kwa umuhimu. Bila hilo, kipande cha RAM kilicholegea kingeweza kukaa hivyo kwa miaka, na taasisi ingesema tu kwamba mashine mpya si kama walivyoahidiwa.

Kilichoshindikana kikubwa ni kwamba jaribio lilikuja baada ya zabuni badala ya kabla. Mashine ya kuazima ingepatikana hata kabla ya waraka wa kwanza kuandikwa. Msimu mzima wa masika ulipotea kwa kazi ya siku chache. Hili linaniuma zaidi kuliko mengine yote ya kisa hiki, kwa kuwa dhoruba za masika hazikusubiri utaratibu.

La pili ni uandishi wa matokeo kwenye diski, ambao haukupimwa kabisa. Jaribio la zabuni liliandika ramani kila baada ya saa tatu za utabiri. Watabiri walipoanza kutumia klasta wakataka za kila saa, na muda wa kazi ukarefuka, kwa kuwa WRF kwa kawaida yake husimamisha hesabu wakati mchakato mmoja unakusanya na kuandika. Ilibidi viini vichache vitengwe kwa kazi ya kuandika tu, kupitia mipangilio ya namelist_quilt. Lilitatuliwa, lakini ni bahati kwamba kulikuwa na nafasi ya kulitatua.

Umeme nao una upande wake. Vichakataji 8 vya A vina kikomo cha joto cha wati 280 kila kimoja, jumla 2,240. Vichakataji 12 vya B vina wati 225, jumla 2,700, kabla ya kuongeza feni na vifaa vya nodi mbili za ziada. Fundi umeme wa taasisi alilalamika, na alikuwa na haki. Kwa mahali ambapo kiyoyozi kinapambana na joto la pwani na jenereta inaingia mara kwa mara, gharama hiyo ni ya kila mwezi kwa miaka yote ya klasta. Kamati iliikubali kwa kuwa mashine inayotumia umeme kidogo lakini haimalizi kazi kwa wakati haina thamani kwa mtabiri. Taasisi nyingine yenye kazi isiyo na saa maalumu ingeweza kuamua vingine.

Kuna watu ndani ya taasisi hiyohiyo ambao viini 64 vingewafaa zaidi. Kitengo cha takwimu za tabianchi huendesha maelfu ya hesabu ndogo zisizotegemeana, kila moja ikiwa na data inayoenea kwenye kashe. Kwao kiini ni mfanyakazi kamili, na viini 512 vingewamalizia kazi mapema kuliko 384. Anayetoka na kisa hiki akiamini kwamba viini vichache ni bora siku zote atanunua vibaya. Tena ziko programu za kibiashara zinazotoza leseni kwa idadi ya viini, na huko hesabu hubadilika hata kabla ya kugusa kumbukumbu.

Namba zenyewe pia zinazeeka. Kizazi cha EPYC kilichofuata, Novemba 2022, kilipanda hadi chaneli 12 za DDR5-4800, GB 460.8 kwa sekunde. Kwa kichakataji chake cha viini 96 hiyo ni GB 4.8 kwa kiini. Xeon Max ya Intel ilileta GB 64 za HBM ndani ya kichakataji kwa viini hadi 56. Mgawanyo uleule, GB kwa sekunde gawanya kwa viini, unafanyika kwa dakika moja kwa kila kichakataji kipya kwa kutumia karatasi ya sifa zake. Hautoi jibu la mwisho, unaonyesha tu ni mashine zipi zinastahili kuazimwa na kupimwa.

Taasisi sasa inaandaa awamu ya pili, na rasimu ina mafungu mawili badala ya moja: fungu la nodi za modeli, litakalopimwa kwa WRF ikiandika ramani kila saa, na fungu dogo la nodi za takwimu, litakalopimwa kwa kazi ya kitengo cha tabianchi, ambako mzabuni yuko huru kuleta viini vingi kadiri fedha inavyoruhusu. Mashine za kuazima za mafungu yote mawili zimeombwa kabla ya tangazo.